Pilipili Kali Kwenye Nyama Choma: Maswali Yanayoulizwa Sana Moshi

Kuna sehemu za nyama choma mjini Moshi ambazo watu wanazijua kwa nyama, na kuna zile wanazozijua kwa pilipili. Ukiomba kuelekezwa Kiboriloni, Majengo, Pasua au kule Himo Njia Panda, mwenyeji atakusifia mbavu za mbuzi, kisha atashusha sauti kukutahadharisha kuhusu kibakuli. Ndani yake kuna pilipili mbuzi zilizobanikwa pembeni ya jiko mpaka ganda likafanya mabaka meusi, zikapondwa na chumvi, kitunguu na ndimu. Mhudumu anakiweka mezani na kusema, "Kaka, onja kwanza." Wengi hawaonji. Wanachovya.

Maswali yanayokizunguka kibakuli hicho ni mengi, na mengi yamejaa hofu: vidonda vya tumbo, bawasiri, presha, mimba. Mengine yamejaa imani kubwa mno, hasa ile ya kwamba pilipili kali inaua kila kijidudu kilichomo kwenye nyama. Nitasema mapema ninachokiamini: tunaiogopa pilipili kwa mambo isiyoyafanya, na tunaitegemea kwa mambo isiyoyaweza. Kinachostahili hofu yetu kiko kwenye nyama yenyewe, kwenye gogo la kukatia na kwenye mikono ya anayeandaa.

Je, pilipili inaunguza ulimi kweli?

Maumivu ni ya kweli, ila hakuna kilichoungua. Ndani ya pilipili kuna kemikali iitwayo kapsaisini. Ikigusa ulimi, hushikamana na vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ya kila siku ni kutambua joto kali, la kuanzia takribani nyuzi 43 za Selsiasi. Neva zinapeleka ubongoni taarifa ya moto, na mwili unaitikia: jasho kipajini, machozi, kamasi, mate, na kwa wengine kwikwi. Ni king'ora cha gari kinacholia usiku bila mwizi yeyote. Aliyekigundua kipokezi hicho na wenzake mwaka 1997 ni David Julius, mwanasayansi wa Marekani, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian.

Elimu hiyo ina faida mezani. Kwa kuwa joto na pilipili vinapita kwenye kipokezi kilekile, supu inayofuka au nyama iliyotoka jikoni sasa hivi inazidisha muwasho. Mtu anayeshindwa na pilipili kwenye supu ya asubuhi anaweza kuimudu kiasi hichohicho kwenye nyama iliyopoa kidogo.

Ndege hawausikii muwasho huo, kwa sababu kipokezi chao hakiitikii kapsaisini. Wanakula tunda, wanaangusha mbegu mbali. Ndiyo maana katika vihamba vya Kibosho au Uru utakuta mche wa pilipili kichaa umejiotea katikati ya migomba na kahawa, na hakuna mtu nyumbani anayekumbuka kuupanda.

Pilipili ipi ni kali zaidi, na kwa nini leo imewasha kuliko jana?

Ukali hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville. Yeye aliizimua pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasiuhisi tena muwasho. Siku hizi kiasi cha kapsaisini kinasomwa na mashine. Hoho ina sifuri. Pilipili kichaa, zile ndogo zilizochongoka, ziko kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi, ile nene yenye mikunjo na harufu tamu ya matunda, iko kwenye ukoo ambao kwa kawaida unasoma kati ya 100,000 na 350,000. Pilipili iliyoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2023, inayoitwa Pepper X, ilisoma karibu milioni 2.7. Hiyo huikuti Soko la Mbuyuni, na hukosi kitu.

Kuna jambo linalowachanganya wageni. Hapa ukisema hoho unamaanisha ile kubwa ya kijani isiyowasha, lakini kwa baadhi ya watu wa pwani na Zanzibar pilipili hoho ni kali. Ukiwa mgeni sokoni, uliza inawasha au haiwashi, usitegemee jina.

Matunda mawili ya mche mmoja yanaweza kutofautiana sana. Hata ndani ya tunda moja ukali haukukaa sawa. Wengi wanasema uko kwenye mbegu, kumbe unatengenezwa kwenye utando mweupe ulioshika mbegu. Mbegu zinapakwa tu na majirani zake. Anayetaka harufu ya pilipili mbuzi bila adhabu yake aipasue, aukwangue utando mweupe wote, kisha aiponde nyama ya nje peke yake. Wapishi wazuri wanafanya hivyo kwa ajili ya wazee, na nadhani kila sehemu ya nyama choma ingefaa kuwa na vibakuli viwili: cha wanaojipima na cha wanaokula.

Nimezidiwa. Ninywe nini?

Usianze na maji. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Maji ya baridi yanatuliza kwa sababu ya ubaridi wake, kisha muwasho unarudi. Soda ina gesi inayouchokoza zaidi ulimi ulioumia, ingawa sukari yake husaidia kidogo. Bia ndiyo dawa inayopendekezwa na kila meza ya jirani, na haisaidii. Ni kweli pombe kali sana inaweza kuyeyusha kapsaisini, lakini bia ina kilevi cha asilimia 5 hivi, na iliyobaki karibu yote ni maji. Mbege nayo haitakuokoa kwa kilevi chake.

Kinachofanya kazi ni maziwa, na Kilimanjaro maziwa hayako mbali. Protini ya maziwa iitwayo kasini huizunguka kapsaisini na kuiondoa kwenye ulimi. Glasi ya mtindi wa baridi ni bora kuliko vyote: sukutua mdomoni taratibu, ndipo umeze. Kama hakuna mtindi, kula parachichi kwa mafuta yake, au tafuna ndizi ya kuchoma, kipande cha ugali au mkate ili vikwangue na kubeba kilichobaki. Kijiko cha sukari au asali kinyonywe polepole. Usijisugue midomo kwa kitambaa, unaisambaza tu mpaka kwenye ngozi laini ya mashavu. Kwa kawaida mateso yanapungua sana ndani ya robo saa, hata usipofanya lolote.

Nina vidonda vya tumbo. Pilipili ndiyo iliyoniletea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake limechelewa mno kuwafikia watu. Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa vina visababishi viwili. Cha kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimtambua mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati vitabu vya udaktari vilikuwa bado vinalaumu mawazo na vyakula vikali. Marshall hakusikilizwa, mwaka 1984 akanywa mwenyewe mchuzi uliooteshwa bakteria hao, na ndani ya siku chache tumbo lake likawaka uvimbe. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Nobel.

Kisababishi cha pili ni dawa za maumivu za kundi la aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hizi zinadhoofisha utando unaoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Sasa fikiria maisha ya hapa. Mpagazi anashuka mlimani magoti yakimuuma, ananunua diklofenaki duka la dawa, anameza tumbo likiwa tupu. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi kutoka Kirua mpaka sokoni anafanya vivyo hivyo kwa mgongo wake, wiki baada ya wiki. Jioni mtu huyo anakula nyama na pilipili, usiku tumbo linamkata, na lawama yote inakwenda kwa kibakuli. Vidonge havitajwi. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewasikia watu wakijivunia kuacha pilipili miaka kadhaa huku wakiendelea kumeza dawa zilezile, na bakteria yuleyule akiendelea kuishi tumboni bila kupimwa.

Hiyo haimaanishi mwenye vidonda ale tu. Pilipili haichimbi kidonda, lakini ikipita juu ya kidonda kilichopo inauma, na kwa mwenye kiungulia inaweza kuamsha kile kichomi kinachopanda kifuani, hasa akilala mara baada ya kula nyama yenye mafuta. Anayeumia aipumzishe kwa sasa. La muhimu ni kwenda kupima: kuna kipimo cha choo, na kuna kipimo cha kamera kinachoingizwa kupitia mdomoni, ambacho hufanyika kwenye hospitali kubwa. Bakteria akionekana, anatibika kwa antibayotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na dozi lazima imalizwe hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu. Ukitapika damu, au ukipata choo cheusi chenye kunata, usisubiri kesho.

Lakini pilipili si inaua vijidudu vya kwenye nyama?

Haiui. Ni kweli kwamba kapsaisini na ndimu, zikipimwa maabara, zinaweza kuzuia baadhi ya bakteria wasikue. Kati ya maabara na sahani kuna umbali mkubwa. Pilipili iliyopakwa juu ya nyama haiingii ndani, na kuna maradhi ambayo hata moto wenyewe hauyatoshi.

La kwanza ni kimeta. Kanda ya kaskazini, Kilimanjaro ikiwemo, imekuwa ikipata milipuko ya kimeta kwa mifugo na kwa watu mara kwa mara. Mbegu za bakteria wake zinakaa ardhini miaka mingi, na zinastahimili moto unaotosha kuivisha nyama vizuri kabisa. Mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani au mdomoni na isigande, asichunwe, asikatwe, asiliwe. Kibudu ni kibudu hata ukikichoma mpaka kikauke. Anayechuna yuko hatarini kuliko hata anayekula, kwa sababu ugonjwa unapenya kwenye mchubuko wa mkono. Huanza kama kipele, kikawa kidonda chenye kigaga cheusi kisichouma. Ukiwahi hospitali, antibayotiki zinautibu. Mzoga unaripotiwa kwa afisa mifugo wa kata, ambaye ataelekeza namna ya kuuzika au kuuteketeza.

La pili linahusu kitimoto. Nguruwe aliyekula kinyesi cha mtu mwenye tegu anapata malengelenge madogo meupe kwenye misuli, yenye ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Mtu akila nyama hiyo ikiwa mbichi kwa ndani, tegu anakua tumboni mwake. Hatari kubwa inaanzia hapo: mayai ya tegu yanatoka na choo, na yakiingia mdomoni mwa mtu, hata mtu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maishani, yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo mpishi asiyenawa baada ya kutoka chooni anaweza kumpa kifafa mteja aliyeagiza kachumbari peke yake. Kitimoto ikatwe vipande vidogo na iive mpaka katikati kusiwe na wekundu. Ukiona punje nyeupe kwenye nyama mbichi, iache na mwite mkaguzi.

Kipimo cha jumla kwa nyama zote za kuchoma ni joto la nyuzi 70 au zaidi katikati ya kipande. Wachache wana kipimajoto jikoni, kwa hiyo jicho ndilo linalotumika: kata kipande kinene karibu na mfupa, utazame maji yanayotoka. Yakiwa na damu, rudisha jikoni. Mwambie tu kwa heshima, "Mangi, hii naomba irudi kidogo." Hakuna mchomaji anayeijua kazi yake atakayekasirika.

Ndafu inahitaji uangalifu wa peke yake. Mbuzi mzima anachomwa taratibu kwa saa nyingi, anaingizwa ukumbini kwa ngoma akiwa amewekewa majani mdomoni, anakatwa kama keki mbele ya maharusi. Ngozi ya nje inakuwa imekauka na kupendeza, huku paja na bega kwa ndani, panapokutana nyama nene na mfupa, bado pana damu. Wanaokatiwa mapema wanapata pembeni palipoiva, wanaofuata wanafikia pabichi. Kamati ya harusi inayolipia ndafu imwombe mchomaji achome kisu mpaka kwenye mfupa wa paja kabla mbuzi hajaondoka jikoni. Kisusio nacho, ile supu inayobeba damu, kichemke kweli, si kupashwa tu. Magonjwa kama brusela, ambayo huleta homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, hupitia kwenye maziwa mabichi na damu mbichi.

Halafu lipo gogo. Nenda usimame dakika tano karibu na jiko, utazame. Mchomaji anapokea mbavu mbichi kutoka bucha, anazikatakata juu ya gogo, anazipanga kwenye wavu. Baada ya nusu saa zilizoiva zinarudi juu ya gogo lilelile, zinakatwa kwa kisu kilekile, zinamiminwa kwenye sinia lako na chumvi pembeni. Moto umefanya kazi yake yote, kisha gogo limeifuta. Hapa ndipo ningeelekeza nguvu kama ningekuwa afisa afya: magogo mawili, visu viwili, na ndoo ya maji ya moto yenye sabuni. Haigharimu hata bei ya mbuzi mmoja.

Kachumbari je?

Nyanya, kitunguu na hoho zinaliwa mbichi, kwa hiyo maji ya kuoshea ndiyo kila kitu. Vioshwe kabla ya kukatwa, kwa maji safi yanayotiririka. Maji ya mfongo, yaani mfereji wa mashambani, ni ya kumwagilia shamba, si ya kuoshea kachumbari, hata yakiwa yametoka msituni juu na yanaonekana angavu. Kachumbari iliyokaa mezani tangu mchana iachwe.

Nimepimiwa kilo, mbona imekuja kidogo?

Nyama inapimwa mbichi. Ikichomwa inapoteza maji na mafuta, na kilo moja inaweza kupungua robo au hata theluthi, kutegemea mafuta yaliyokuwemo na muda wa jikoni. Mifupa nayo imo kwenye kilo. Upungufu huo si wizi. Wizi unaweza kuwa kwenye mizani, ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuibandika alama ya mwaka. Unayo haki ya kuiangalia. Simama dirishani mwa bucha wakati nyama inapimwa, chagua kipande mwenyewe, na utazame kama nyama ina mhuri wa mkaguzi.

Nimeshuka mlimani leo. Naweza kwenda moja kwa moja kwenye nyama choma?

Waliopanda kwa njia ya Machame hushukia Mweka, wa Marangu hutokea lango lilelile waliloingilia, na jioni wote wanakutana mjini na njaa ya siku kadhaa. Kwenye urefu wa karibu mita 5,895 hamu ya kula hupungua na tumbo linafanya kazi kwa shida. Mwili umepoteza maji, na pengine umemeza dawa za maumivu. Anza na maji ya kutosha, na mtori au supu isiyo na pilipili. Nyama ifuate, pilipili iwe kidogo. Waongoza watalii wanaolifahamu hili huwazuia wageni wao wasijipime kwa kibakuli usiku huo, na wanafanya jambo la maana.

Kwa anayetarajia kupanda kesho, tahadhari iwe kubwa zaidi. Kuhara ukiwa kambini kunakupotezea maji ambayo mwili unayahitaji sana huko juu, na kunaweza kumaliza safari. Vivyo hivyo kwa wanaokimbia Kilimanjaro Marathon kila mwaka: usiku wa kabla ya mbio ule chakula ulichokizoea.

Wajawazito, watoto, wenye presha, pumu, bawasiri na gauti

Kwa mjamzito, pilipili ya kiasi cha kawaida haijathibitishwa kutoa mimba wala kuleta uchungu kabla ya wakati. Kinachomsumbua ni kiungulia, ambacho ujauzito wenyewe huleta. Kwake nyama isiyoiva ni hatari kubwa kuliko kibakuli. Mtoto mdogo asipewe, na kumpaka pilipili mtoto kama adhabu au ili kumwachisha ziwa ni ukatili unaoweza kumuumiza macho na njia ya hewa.

Mwenye presha aangalie chumvi, ile inayonyunyizwa juu ya nyama na ile ya kuchovya, kwa sababu pilipili haina hatia hapo. Mwenye pumu asikae upande unakoelekea moshi pilipili zinapobanikwa. Mvuke wake unaweza kumbana kifua. Bawasiri haisababishwi na pilipili, ila mwenye mchaniko sehemu ya haja kubwa ataisikia ikipita, kwa kuwa vipokezi vilevile viko huko pia. Gauti ni habari nyingine: nyama nyekundu nyingi, maini na figo pamoja na bia ndivyo vinavyopandisha asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kinavimba usiku. Kwa mwenye gauti, kuacha pilipili na kubaki na kilo ya nyama na bia hakumsaidii kitu.

Niongeze kwamba kapsaisini ni dawa pia. Krimu na plasta zake hutumika kutuliza maumivu ya neva, kwa mfano yale yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Hizo ni dawa zilizopimwa, usijipake pilipili ya jikoni.

Mashindano ya kula pilipili ni mzaha tu?

Hapana. Kijana wa miaka 14 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alifariki mwaka 2023 baada ya kula kipande kimoja cha krispi kilichotengenezwa kwa ajili ya kujipima ukali. Uchunguzi ulionyesha kiasi kikubwa cha kapsaisini pamoja na kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo. Bidhaa hiyo iliondolewa madukani. Mwaka 2018 madaktari waliandika habari za mwanaume aliyepata maumivu makali ya ghafla ya kichwa baada ya kula pilipili aina ya Carolina Reaper mashindanoni, mishipa ya damu ya kichwani ikiwa imejibana. Haya ni matukio ya nadra, na kibakuli cha Moshi hakifiki ukali huo. Lakini anayemwekea mwenzake dau amalize pilipili mbuzi nzima hajui moyo wa mwenzake ukoje. Maumivu ya kifua, pumzi kubana, kuzimia au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu ni sababu ya kukimbilia hospitali. Na usimtilie mtu pilipili kwa siri, hata rafiki.

Imeingia jichoni

Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa robo saa, ukipepesa kope. Usisugue. Mwenye lenzi azitoe kwanza, mikono ikiwa imeshaoshwa. Mikono yenyewe haitakati kwa maji matupu: ipake mafuta ya kula, isugue vizuri, ndipo uoshe kwa sabuni. Aliyeponda pilipili na afanye hivyo kabla ya kwenda msalani. Jicho likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda hospitali.

Ninatengeneza pilipili ya chupa kwa ajili ya kuuza. Nizingatie nini?

Wengi wanaanza hivi, kwa chupa za maji zilizotumika, na bidhaa ni tamu kweli. Chupa hizo haziwezi kuchemshwa zikasafika, kwa hiyo tumia za kioo zilizochemshwa. Pilipili ichemke, iwe na siki au ndimu ya kutosha kuifanya chachu. Ukiihifadhi pilipili au kitunguu saumu kwenye mafuta bila asidi na kukiacha nje ya friji, unatengeneza mazingira ya bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake inapoozesha misuli na haibadilishi ladha wala harufu. Chupa iliyovimba au inayotoa gesi itupwe bila kuonjwa. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kufikia hatua ya kupata alama ya ubora. Andika kwenye lebo tarehe, viungo, na kiwango cha ukali kwa lugha ya wazi.

Nimeona kitu kisicho sawa. Nimwambie nani?

Usafi wa jiko, choo na maji ya kunawa ni kazi ya afisa afya wa kata. Nyama isiyo na mhuri, au mnyama anayechinjwa bila kukaguliwa, mwambie afisa mifugo. Mizani inapelekwa Wakala wa Vipimo, na chupa iliyoharibika TBS. Desemba, familia zinapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kuhesabiwa nyumbani na mbuzi wanachinjwa uani kwa wingi, mpigie afisa mifugo mapema siku moja kabla, maana siku yenyewe anaitwa na nyumba nyingi. Kama watu kadhaa waliokula pamoja wameharisha au kutapika, andikeni mlikula nini na saa ngapi, mhifadhi kilichobaki kwenye mfuko uliofungwa, na mtoe taarifa zahanati siku hiyohiyo.